Mashine ya kukanda watu ilishakuja mwaka wa 1865

Kila wiki lazima kuna mtu ataniandikia inbox swali lile lile: "Buda, nisomee kozi gani ambayo AI haitaikula?" Wengi ni wale wamemaliza Form Four wako nyumbani wanangoja matokeo. Wengine ni rika langu, wamemaliza chuo na bado wanalala kwa mathe. Swali nalielewa vizuri. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipokatika, nikarudi Mitunguu na laptop moja, na kwa zaidi ya mwaka nikajilisha kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Novemba 2022 ChatGPT ikatoka. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata, kazi zilikuwa zimekauka kama kisima cha Januari, na mwenye akaunti niliyokuwa nikiandikia akanyamaza na pesa yangu ya mwezi wa mwisho mpaka wa leo. Wale marafiki zangu waliohamia Remotasks kuchorea picha mipaka ili mashine zijifunze kuona, nao Machi 2024 waliamka wakapata Kenya imefungiwa. Waliofundisha mashine kuona ndio walikuwa wa kwanza kuonyeshwa mlango.

Kwa hivyo swali si la kucheka. Na jibu ambalo mtandao unawapa siku hizi ni moja: enda usomee masaji. Kuna video kibao, msee amesimama mbele ya taa ya duara, anasema AI inaweza kuandika, kuchora, kuimba, lakini haiwezi kukanda mgongo. Nakubaliana naye nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo nataka tuongee hapa, kwa sababu hawa watu wa video hawajui historia ya kazi wanayoiuza. Roboti wa kukanda si kitu cha kesho. Alishakuja zamani, kabla reli haijafika Nairobi, kabla Nairobi yenyewe haijakuwa mji. Alikuja, akasifiwa na magazeti, akapewa medali, halafu akafifia. Kilichowaumiza wakandaji kwa karne nzima hakikuwa mashine.

Lakini wacha nianze huku kwetu.

Angalia neno lenyewe. Unga hukandwa, udongo wa kujenga nyumba hukandwa, na mtu naye hukandwa. Ni kitendo kimoja, cha kuchukua kitu kigumu na kukilainisha kwa mikono mpaka kikubali umbo. Huku Mitunguu kila familia ina mtu wa hiyo kazi hata kama hana jina la kazi. Nyanya fulani mwenye mafuta na maji moto. Mzee anayejua kurudisha kifundo cha mguu kilichoteguka. Na wateja hawakosi, kwa sababu uchumi wetu wote umebebwa kwa migongo. Mnajua hii ni nchi ya ndizi. Tangu mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Wajerumani miaka ya 1980, hapa chini kwenye joto tunavuna ndizi hata wakati huko juu Nkubu watu wanaangalia mawingu. Hizo ndizi hazipandi lori zenyewe. Kuna kijana anainua mkungu, anauweka begani, anapanda ubao, anarudi kuchukua mwingine, tangu alfajiri mpaka lori lijae. Jioni huyo kijana hawezi kuinama kufunga kamba ya kiatu. Ongeza watu wa boda ambao kiuno chao kimekula mashimo yote ya barabara za mashambani. Halafu uniambie mji huu hauna soko la mkandaji.

Pwani walikuwa mbele yetu kwa kuifanya hii kitu iwe na jengo. Ukienda Unguja, nje kidogo ya mji kuna hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka wa 1850 wakati wa Sultani Seyyid Said kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ndani ya Mji Mkongwe kuna mtaa mzima unaitwa Hamamni, kwa sababu ya bafu la umma lililojengwa wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Pale mtu alilipa, akaingia kwenye mvuke, akasuguliwa, akakandwa, akanyolewa, akatoka. Lilifanya kazi mpaka miaka ya 1920 hivi. Watalii leo wanalipa kiingilio kuangalia sakafu kavu, halafu wanatoka hapo wanaenda kulipa mara nyingi zaidi kwa spa ya hoteli iliyoandikwa "ya asili". Sawa tu.

Sasa swali la mtu wa historia ni hili: mikono ilikuwa ya nani?

Sayyida Salme, binti ya huyo huyo Seyyid Said, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka wa 1886. Anaeleza maisha ya ndani ya majumba ya kifalme, na humo utamkuta mtumwa wa kike akimkanda bibi yake taratibu huku mwingine akipepea. Yeye anaieleza kama starehe ya kawaida, kama wewe unavyoeleza chai. Lakini soma tena ukiwa upande wa yule anayekanda. Ana ujuzi. Anajua msuli gani umekaza na wapi pa kubonyeza ili mtu alale. Na hana bei, hana jina kwenye kitabu, hawezi kusema leo nimechoka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na utumwa wenyewe ukapoteza nguvu ya kisheria huko mwaka wa 1897. Maana yake kwa muda mrefu sana, katika kona hii ya dunia, kukanda mtu mkubwa ilikuwa kazi ya mtu asiyejimiliki. Mimi naamini hiyo harufu bado haijatoka kwa hii kazi. Ukitaka kujua, angalia sura ya mzazi wa Kimeru ukimwambia mtoto wake anaenda kushika miguu ya watu.

Upande mwingine wa pwani ile ile kuna picha tofauti kabisa. Somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, ndiye anamsugua singo mwili mzima, karafuu na maua na manukato yamesagwa pamoja, na hapo hakuna mtu anamdharau. Anaheshimiwa, anapewa haki yake, anaogopwa hata. Kitendo ni kile kile, mikono juu ya ngozi. Tofauti ni nani amempa huyo mama cheo na nani anasimama nyuma yake. Shika hiyo hoja, tutaihitaji tukifika Uingereza.

Kabla ya hapo tupite Japani, haraka. Karne ya 17 kulikuwa na bwana mmoja kipofu anaitwa Sugiyama Waichi, fundi wa sindano za tiba na kukanda. Alimtibu Shogun Tsunayoshi, akapata kibali, na chini ya jina lake zikafunguliwa shule za kuwafundisha vipofu hizi kazi. Hizi ni shule za ufundi za watu wenye ulemavu, miaka ya 1680! Kutoka hapo kukanda kukawa mkate wa vipofu wa Japani kwa mamia ya miaka. Korea Kusini mpaka leo sheria inawaachia watu wasioona peke yao leseni ya kukanda. Mwaka wa 2006 mahakama ya katiba ilipoiondoa sheria hiyo, vipofu waliandamana Seoul, wengine wakajirusha mtoni kutoka kwenye daraja. Bunge likairudisha, na mwaka wa 2008 mahakama ile ile ikakubali ibaki. Watu hawaruki kwenye mto kwa sababu ya kazi duni. Walikuwa wanalinda ukuta pekee uliokuwa umewazuia kuwa ombaomba.

Najiuliza sana juu ya hilo kwa sababu hapa Imenti Kusini tuna shule ya St. Lucy's pale Igoji, ya wanafunzi wasioona. Ni watoto wa kaunti yetu na za mbali, wanasoma kwa vidole. Wakimaliza, njia ambazo jamii inawafikiria ni ualimu, labda simu za ofisini, na hizo za simu ndizo AI inazila kwanza. Vidole vinavyosoma nukta sita kwenye karatasi vinaweza kusoma bega. Sijui kwa nini mazungumzo ya ajira huku hayafiki hapo.

Haya, tufike kwa mashine.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mswidi mmoja anaitwa Pehr Henrik Ling alianzisha taasisi ya mazoezi ya mwili Stockholm, mwaka wa 1813, akifundisha mazoezi ya tiba ambayo mtaalamu anakushika, anakunyoosha, anakusukuma. Hapo ndipo dunia ilipata mazoea ya kuita masaji "ya Kiswidi", ingawa majina mengi ya mbinu zenyewe yalipangwa baadaye na daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Tatizo la mfumo wa Ling lilikuwa hesabu. Mgonjwa mmoja, mtaalamu mmoja, na mtaalamu anachoka.

Ndipo akaja Gustaf Zander, daktari, Mswidi pia. Mwaka wa 1865 alifungua taasisi yake Stockholm akiwa na mashine 27. Baadaye zikaongezeka. Kulikuwa na ya kukanda tumbo, ya kupigapiga mgongo, ya kutetemesha miguu, na taasisi kubwa ziliendesha zake kwa injini ya mvuke. Wewe unakaa, unafungwa mkanda, mashine inafanya. Na hoja za Zander, ukizisoma leo, utafikiri ni tangazo la kampuni ya teknolojia: mashine haichoki, nguvu yake inapimika, kila mgonjwa anapata kipimo sawa, na mtu mmoja anaweza kuhudumia wengi. Mwaka wa 1876 akapeleka mashine zake kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, akarudi na medali. Baadaye taasisi za Zander zikaenea katika miji ya matajiri, London, Baden-Baden, New York. Hata ile meli ya Titanic mwaka wa 1912 ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye ngamia wa umeme. Si mzaha, ngamia wa umeme, unapanda anakutikisa.

Kama ungeishi wakati huo na binamu yako akuulize asomee kazi gani, ungemwambia akae mbali na kukanda. Mashine imeshamaliza hiyo kazi. Ungekuwa na ushahidi na medali juu.

Kumbe wapi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashine za Zander zilianza kufifia, na leo nyingi ziko makavazini. Zilikuwa kubwa, za bei, zimefungiwa kwenye jengo moja katika mji mmoja, na kila moja ilijua kitendo kimoja. Mikono miwili inapanda treni. Inaingia nyumbani kwa mgonjwa, inaacha kukanda mara moja ikisikia mtu amekaza pumzi. Lakini, na hapa ndipo watu wa video wanakosa, mashine haikuondoka bure. Ilibaki na kipande chake. Zile mashine za gym mnazopigia picha Jumamosi, za kusukuma kwa miguu na kuvuta kwa mgongo, ni wajukuu wa Zander. Kile kitu kilichoweza kutenganishwa na mkono, yaani kurudia nguvu ile ile mara mia, mashine ilikichukua na haijakirudisha. Kilichohitaji mtu asikilize kwa vidole kilibaki kwa watu.

Sasa kule London, huku mashine zikiwa kwenye fahari yake, wakandaji wa mikono walikuwa karibu kuuawa na kitu kingine kabisa. Jina.

Mwaka wa 1894 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha habari kuhusu nyumba za "masaji" London ambazo zilikuwa madanguro yenye bango la tiba. Zikafuata kelele. Kila mwanamke aliyekuwa akikanda watu kwa haki, wengi wao wauguzi na wakunga, ghafla akawa mshukiwa. Mnaijua hiyo hadithi, sivyo? Pita Nairobi leo, Kilimani ama katikati ya mji, uangalie vibandiko kwenye nguzo za taa, neno moja na namba ya simu. Hakuna anayepiga hiyo namba akiwa na maumivu ya kiuno. Miaka zaidi ya 130, bango ni lile lile.

Wanawake wanne, kati yao Rosalind Paget na Lucy Robinson, hawakuandika barua ya kulalamika tu. Mwaka ule ule wakaunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mtihani, na wakajifunga kwa masharti makali mno. Hakuna kukanda bila agizo la daktari. Hakuna masaji ya mwili mzima kwa wanaume, isipokuwa daktari ameomba kwa sababu ya dharura. Hakuna kutangaza biashara ila kwenye majarida ya kitabibu. Hakuna kumwuzia mgonjwa dawa. Mimi nikiyasoma haya masharti naona mengine ni ya kikoloni kwa mwili wa mwanamke, yanamfanya yeye abebe aibu iliyoletwa na wateja. Yule mwanamume aliyekuwa akipiga kengele ya danguro hakuandikiwa sharti lolote. Pia yaliwaweka wakandaji chini ya kidole cha daktari kwa miongo mingi. Lakini siwezi kukataa kwamba yalifanya kazi. Vita vilipoanza mwaka wa 1914, Almeric Paget, mbunge tajiri, na mkewe walijitolea kugharamia wakandaji 50 waliofunzwa kwa ajili ya wanajeshi majeruhi. Kikosi kikakua, kikawa sehemu rasmi ya huduma za jeshi. Askari waliopofushwa na vita, pale St Dunstan's, nao wakafunzwa kukanda wakaajiriwa. Mwaka wa 1920 chama kikapata hati ya kifalme. Mwaka wa 1944 kikabadilisha jina, na kwa jina hilo jipya unakijua hata kama hujawahi kusikia hadithi yake: ni chama cha fiziotherapia cha Uingereza.

Ndiyo. Fiziotherapia, ile idara yenye makoti meupe na bili ya maana pale hospitalini, ilitoka kwenye tumbo la wanawake wa kukanda waliokuwa wakiitwa makahaba. Mama mmoja, watoto wawili. Mmoja alisomeshwa, akapewa jina la Kigiriki. Mwingine alibaki na jina la nyumbani.

Na sisi Kenya tukarithi watoto wote wawili vile walivyokuwa. Fiziotherapia inafundishwa KMTC na vyuo vikuu, ina sheria yake ya mwaka 2014 na baraza lake. Mtoto wa pili aliwekwa kwenye kabati la urembo. Masaji unaisoma ndani ya kozi ya urembo, katikati ya kucha na nyusi, unafanya mtihani wa ufundi wa NITA ukijaliwa, halafu unaenda kutafuta spa. Huna baraza la kukutetea mteja akikushika vibaya. Huna ubao wa bei wa kitaifa. Leseni inayoulizwa zaidi ni ile ya kaunti ya jengo, si ya mikono yako. Wale wenye bahati wanaingia michezo. Peter Nduhiu, mtaalamu wa fiziotherapia ambaye amefanya kazi na Eliud Kipchoge na wenzake kwa miaka mingi, ni mfano wa vile mikono inaweza kukaa nyuma ya rekodi za dunia. Tarehe 12 Oktoba 2019 sote tuliangalia Vienna, 1:59:40. Miguu ile haikujikanda. Lakini hata hapo, angalia, heshima inakuja ukiwa na jina la mtoto wa kwanza.

Nirudi kwa roboti wa leo, kwa sababu najua mtaniambia Zander hakuwa na AI. Kweli. Singapore kampuni inaitwa AiTreat ilianza kutumia mkono wa roboti, EMMA, kwa wagonjwa mwaka wa 2017. Marekani kuna Aescape, meza yenye mikono miwili ya chuma inayopima mwili wako kwanza kwa vihisi halafu inakanda, na mwaka wa 2024 waliingiza hizo meza kwenye gym za Equinox. Hizi si mashine za kitendo kimoja. Zinapima, zinakumbuka mgongo wako ulivyokuwa mara ya mwisho. Mtu akisema haziwezi kukanda kabisa, huyo anaota. Zitachukua kipande, kama zilivyochukua zamani, na nadhani ni kile cha mtu wa ofisi mwenye haraka anayetaka dakika thelathini bila kuongea na mtu.

Je, zitafika Mitunguu? Hapana, si karibuni. Lakini ngoja kabla hujashangilia. Singapore wanatengeneza roboti kwa sababu wakandaji ni wachache na ni ghali. Huku mashine haiji kwa sababu mtu ni rahisi kuliko mashine. Hii ndiyo sentensi ambayo wale wa video hawasemi: kuna kazi ambazo AI haizili kwa sababu ni ngumu, na kuna kazi ambazo haizili kwa sababu mwenye kazi analipwa kidogo sana hata haimfai tajiri kununua chuma. Kukanda kuko kwenye makundi yote mawili. Mwaka wa 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walipanga kazi 702 za Marekani kwa hatari ya kuchukuliwa na kompyuta. Wauzaji wa kwenye simu wakawa wa mwisho kabisa kwa usalama, na juu kabisa wakawa wale wanaowatibu watu kwa michezo na burudani. Watu walishika hiyo orodha kama Biblia. Lakini orodha inapima kama mashine inaweza. Haipimi kama ukibaki na hiyo kazi utalipa nyumba.

Na AI itaingia kwa mlango mwingine. Haitakanda, itapanga nani anakanda. Programu ya kuita mkandaji nyumbani, nyota tano, bei inayopanda na kushuka, kampuni inakata asilimia yake. Waulize madereva wa teksi za programu Nairobi jinsi hiyo inavyohisi. Mikono ni yako, lakini kama mteja, bei na sifa yako vyote vinakaa kwa simu ya mtu mwingine, basi umejikuta karibu na yule mama wa jumba la kifalme kuliko unavyofikiri.

Binamu yangu alisoma hii kitu. Miezi sita, Meru mjini, karo ilitoka kwa ndizi za mamake. Siku aliyosema nyumbani kwamba amemaliza na anatafuta kazi ya spa, mjomba alisimama kutoka kwa meza. Akasema katika ukoo wetu hakuna msichana ataenda kushika wanaume kwa chumba kimefungwa. Mamake alinyamaza, na kunyamaza kwa mama ndiko kulimuumiza zaidi. Wiki chache baadaye wakala mmoja akampigia, kazi Ghuba, mshahara mzuri, tuma pasipoti kwanza. Alimwuliza yule wakala maswali matatu: jina la hoteli, nakala ya mkataba, na kama pasipoti itabaki kwake. Simu ikakatwa. Hapo ndipo niliona kozi yake ilimfundisha kitu zaidi ya mafuta na taulo, ama labda ni yeye tu alivyo.

Aliamua kubaki. Ana kitanda cha kukunja, anakibeba kwa boda. Alianza na wapakiaji wa ndizi, na alianza kwa akili: hakukodi chumba, aliweka kitanda chini ya mabati ya kibanda cha mamake cha mboga, mbele ya macho ya watu, mteja na fulana yake. Mabega na mgongo, dakika ishirini. Hajui Rosalind Paget ni nani. Nilipomsomea yale masharti ya 1894 alicheka, akasema hilo la daktari hawezi, daktari wa hapa karibu ana foleni ya siku nzima, lakini hilo la mlango alishalifikiria. Sasa ana daftari. Kila mteja ana ukurasa: bega lipi, aliumia lini, alimpeleka hospitali ama la. Wawili amekataa kuwakanda akawaambia waende wapigwe picha kwanza, na mmoja kweli alikuwa na ufa kwenye uti. Kina mama wa sokoni wakaanza kuja. Mwalimu mmoja wa kwaya akaja.

Anataka kufanya mtihani wa NITA wa daraja la juu, halafu akipata karo aombe nafasi KMTC asomee fiziotherapia yenyewe. Nilimwuliza kama anaogopa AI. Akaniambia anaogopa mvua, kwa sababu mabati yanavuja upande wa kitanda.

Mjomba ana mgongo mbaya tangu Machi. Kila Alhamisi anapanda matatu mpaka Meru kwa fiziotherapia, anapita mbele ya kile kibanda akienda, na akirudi anapita tena. Bado hajasimama.